Donda ndugu la Fournier: namna ya kusoma faili na kuweka misimbo bila kurudishiwa dai

Faili langu la kwanza la donda ndugu la Fournier nililimaliza kwa dakika kumi. Nilifungua muhtasari wa kuruhusiwa, nikaona jina la ugonjwa, nikaandika msimbo wake, N49.3, nikaongeza kisukari, nikasonga mbele. Mkaguzi alilirudisha kesho yake na maswali ambayo sikuwa na jibu hata moja: sepsisi (mwili mzima kuvurugika kwa sababu ya maambukizi) ilianza lini? Nani alisema nyama ilikatwa? Tumbo liliguswa au halikuguswa? Majibu yote yalikuwemo humo humo ndani, nilikuwa sijayasoma tu.

Mwongozo huu ni wa ndugu zangu mnaofanya au mnaosomea kazi ya misimbo ya kitabibu Marekani, iwe mnajiandaa na mtihani wa cheti cha CPC au CCS, au tayari mmekaa mbele ya skrini mbili mnahesabiwa mafaili kwa saa. Walio nyumbani Afrika Mashariki wanaotumia ICD-10 (orodha ya misimbo ya magonjwa) ya Shirika la Afya Duniani wajue mapema kwamba kitabu chao hakina N49.3. Chini ya N49 wao wana .0, .1, .2, .8 na .9 basi. Kusoma faili ni kulekule, lakini msimbo wasiunakili.

Ujue ugonjwa kwanza

Jina linatokana na Jean Alfred Fournier, daktari wa Paris, aliyeeleza mwaka 1883 habari za vijana watano wa kiume waliokuwa wazima, kisha sehemu zao za siri zikaoza ghafla. Hakuwa wa kwanza. Baurienne alikwisha kuandika kisa kama hicho mwaka 1764. Fournier hakuona chanzo. Siku hizi chanzo mara nyingi hupatikana: jipu la pembeni ya haja kubwa, njia ya mkojo, au jeraha dogo la ngozi kwa mtu mwenye kisukari.

Mambo mawili ya mwili yatakusaidia kuliko kukariri. La kwanza, vijidudu husafiri juu ya utando wa misuli, fashia. Fashia ya Colles iliyoko kwenye msamba imeungana na fashia ya Scarpa iliyoko tumboni, kwa hiyo ugonjwa ulioanza kwenye mfuko wa korodani unaweza kupanda hadi ukuta wa tumbo kwa saa chache, huku ngozi ya juu bado inaonekana ya kawaida. La pili, korodani zenyewe hupata damu kutoka mshipa unaoshuka moja kwa moja kutoka aota, si kutoka kwenye ngozi inayozifunika. Ngozi yote ikifa, korodani mara nyingi hubaki hai, zinaning'inia wazi. Ukiona zimetolewa, tafuta sababu ndani ya ripoti. Lazima iwepo.

Hatua ya kwanza: chora mstari wa muda

Kabla ya msimbo wowote, chukua karatasi. Ugonjwa huu huhama, na misimbo yake inategemea uhamaji huo: nini kilikuwepo mgonjwa alipofika, nini kilikuja baadaye, mara ngapi aliingia chumba cha upasuaji, na kila mara kisu kilifika wapi.

Nitatumia mgonjwa wa kutunga. Mzee wa miaka 58, kisukari aina ya pili, anameza metformin na empagliflozin. Anafika mapokezi ya dharura 21:10. (Saa za faili ni za kizungu, 21:10 ni saa tatu na dakika kumi usiku. Usicheke, nimeona mtu wetu akiandika upasuaji ulitangulia mgonjwa kufika.) Presha 84 kwa 50, laktati 4.6 (iko juu), kreatinini, kipimo cha figo, 2.9 wakati mwezi uliopita ilikuwa 1.0. Daktari wa dharura anaandika maambukizi ya ngozi ya mfuko wa korodani, na kwamba Fournier bado haijaondolewa kwenye mawazo. Picha ya CT inaonyesha hewa ndani ya nyama. Saa 00:20 yuko mezani, na daktari wa upasuaji ndiye wa kwanza kuandika Fournier kama jambo la hakika. Asubuhi daktari wa wodi ya mahututi (ICU) anaandika mshtuko wa sepsisi na figo kushindwa ghafla kwa sababu ya sepsisi. Siku ya 2 anarudi mezani, safari hii hadi ukuta wa tumbo. Siku ya 4 anawekewa kolostomi (tundu la kutolea kinyesi tumboni) ili kinyesi kisipite kwenye kidonda. Siku ya 19, kiraka cha ngozi.

Mistari sita ya karatasi. Ukiwa nayo, nusu ya kazi imekwisha.

Hatua ya pili: jina la ugonjwa na mipaka yake

Mwanaume: N49.3. Mwanamke: N76.82, msimbo ulioongezwa miaka ya karibuni, kwa hiyo tahadhari na vitabu vya zamani vinavyokupeleka N76.89. Watu wengi, hata madaktari, hudhani huu ni ugonjwa wa wanaume tu. Jinsia ikipishana na msimbo, dai linaweza kukataliwa kabla binadamu hajaliona.

Msimbo wa maambukizi ya kuozesha fashia kwa jumla ni M72.6. Je, uongezwe juu ya N49.3? Kwa eneo lile lile, mimi siongezi. Fournier yenyewe ndiyo hiyo fashia inayooza, ila kwenye sehemu za siri na msamba. Daktari akiandika kwamba imeenea hadi ukuta wa tumbo au paja, naona M72.6 ina kazi, kwa kuwa N49.3 haifiki huko. Lakini maneno ya kuenea yawe ya daktari. Picha ya CT peke yake haitoshi.

Kumbuka pia kwamba N49 haikai pamoja na orkitisi (uvimbe wa korodani) ya N45 kwa tatizo lile lile. Kuna katazo la Excludes1.

Kama unaweka misimbo ya mgonjwa wa nje, au ya daktari wa dharura anayelipwa kivyake, kanuni inageuka. Huko utambuzi wa "huenda" hauhesabiwi. Daktari yule wa 21:10 hakuthibitisha Fournier, basi dai lake linabeba alichokithibitisha, yaani uvimbe na maambukizi ya mfuko wa korodani, N49.2, au kama hakuna zaidi ya maumivu, N50.82. Hospitali iliyomlaza mgonjwa ndiyo yenye ruhusa ya kuchukua "huenda" iliyosimama hadi siku ya kuruhusiwa kama jambo lililopo.

Vijidudu huongezwa kutoka B95 hadi B97: B96.20 kwa E. koli, B96.1 kwa Klebsiella, B96.6 kwa Bacteroides fragilis, B95.62 kwa stafilokokasi sugu. Ugonjwa huu kwa kawaida una vijidudu vya aina kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo kuwa na mitatu si kosa. Kosa ni kuvitoa moja kwa moja kwenye karatasi ya maabara bila daktari kuvitaja.

Hatua ya tatu: sepsisi, mahali madai yanapofia

Hapa nenda taratibu.

Sepsisi ikiwepo wakati wa kulazwa pamoja na Fournier, sepsisi ndiyo inayotangulia: A41 kwanza, N49.3 ya pili. Sepsisi ikianza baada ya kulazwa, mfano siku ya tatu, N49.3 inatangulia na A41 inafuata. Ukibadilisha nafasi hizo mbili, kundi la malipo linabadilika kabisa. Ndiyo maana ya ule mstari wa muda.

A41.9 ni ya sepsisi ambayo kijidudu hakijatajwa. Daktari akiandika sepsisi ya E. koli, ni A41.51. Kama sepsisi imeharibu kiungo, ongeza R65.20, na kukiwa na mshtuko ni R65.21. Hizi R65 haziwezi kamwe kuwa za kwanza. Baada yake orodhesha viungo vilivyoumia: N17.9 kwa figo za mzee wetu, J96.01 kama mapafu yalishindwa kupeleka oksijeni, na kadhalika. Daktari lazima aunganishe: figo zimeshindwa *kwa sababu ya* sepsisi. Akiandika "sepsisi" mstari wa 1 na "figo" mstari wa 6 bila kamba kati yao, R65.20 bado huna.

Swali ambalo huwasumbua wanafunzi: mshtuko uliandikwa asubuhi, mgonjwa alilazwa usiku. Je, ulikuwepo alipofika? Kiashiria cha kuwepo wakati wa kulazwa hakifuati saa ya kalamu, kinafuata saa ya ugonjwa. Ugonjwa uliogunduliwa baadaye lakini dalili zake zilikuwepo mlangoni hupewa Y, yaani ndiyo. Presha ya 84 kwa 50 na laktati 4.6 zilikuwa mlangoni. Ukiona mashaka, muulize daktari. Usijipe mwenyewe cheo cha kuamua.

Jua pia kampuni za bima zinapopiga. Nyingi hupima sepsisi kwa kigezo cha mwaka 2016 kinachodai kiungo kiwe kimeharibika, wakati hospitali nyingine bado zinatumia kigezo cha zamani cha homa, mapigo na chembe nyeupe. Faili linalosema tu "sepsisi, ana homa" litakataliwa. Faili linalotaja laktati, kreatinini ya zamani na mpya, na dawa ya kupandisha presha iliyotundikwa saa ngapi, linajitetea lenyewe.

Hatua ya nne: kisukari na dawa zake

Programu nyingi za misimbo, ukiandika kisukari na donda ndugu, zitakusukumia E11.52. Faharasa kweli ina kisukari "pamoja na" donda ndugu. Lakini soma kichwa cha msimbo wenyewe: unazungumzia ugonjwa wa mishipa ya damu ya pembeni ulioleta donda ndugu, lile la vidole vya mguu vilivyokauka vikawa vyeusi. Fournier ni maambukizi. Katika faili langu lile la kwanza nilikubali pendekezo la programu, na hiyo ilikuwa mojawapo ya alama za mkaguzi. Sasa nikikutana nayo naandika swali kwa daktari, na nikingoja jibu natumia kile kisicho na ubishi: E11.65 kama ameandika sukari iko juu, E11.10 kama kuna ketoasidosisi (asidi kujaa kwenye damu).

Dawa za kumeza ni Z79.84. Insulini aliyochomwa wodini kwa siku chache ili kushusha sukari haikupi Z79.4, hiyo ni kwa anayeitumia kwa muda mrefu.

Halafu kuna empagliflozin. Ni ya kundi la SGLT2, la dawa zinazotoa sukari kupitia mkojo, ambamo zimo pia dapagliflozin na canagliflozin. Tarehe 29 Agosti 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba zinahusishwa na Fournier. Ilikuwa imepata visa 12 kati ya Machi 2013 na Mei 2018, wanaume 7 na wanawake 5. Wote walilazwa na kufanyiwa upasuaji, mmoja akafariki. Walio na wazee nyumbani wanaotumia dawa hizi watalitambua jina kwenye boksi.

Kwa mweka misimbo, maana yake ni hii. Daktari akiandika kwamba dawa imechangia, na mgonjwa aliimeza kama alivyoelekezwa, unaweka ugonjwa kwanza, N49.3, kisha T38.3X5A kuonyesha madhara ya dawa. Kama ameandika tu "simamisha empagliflozin", huna kitu bado. Kusimamisha dawa kwa mgonjwa mahututi kuna sababu kumi. Hapa swali kwa daktari lina thamani ya kweli, kwa sababu bila jibu hilo kisa hakihesabiwi popote kama madhara ya dawa.

Hatua ya tano: chumba cha upasuaji

Soma ripoti ya kila upasuaji peke yake, na uitafute katika sura mbili. Hospitali inalipwa kwa orodha ya misimbo ya upasuaji iitwayo ICD-10-PCS, daktari wa upasuaji kwa orodha nyingine iitwayo CPT. Ripoti ni moja, lugha mbili.

Tuanze na hospitali. Neno linaloamua kila kitu ni *excisional*. Daktari akiandika kwamba alifanya usafishaji wa kukata na kuondoa nyama iliyokufa kwa kutumia neno hilo, unatumia ukataji: 0JBB0ZZ kwa fashia na mafuta ya msamba, 0VB50ZZ kwa mfuko wa korodani, 0JB80ZZ kwa ukuta wa tumbo. Ikiwa aliosha kwa maji ya shinikizo, akakwangua, akang'oa vipande vilivyolegea, si ukataji. Msamba unakuwa 0JDB0ZZ. Wengi hudhani "kwa kisu kikali" inatosha. Haitoshi. Ukali ni sifa ya kifaa. Kilichofanyika ni kitu kingine. Andika swali.

Kwa kila eneo chukua tabaka la chini kabisa lililoondolewa. Kama alikata ngozi, mafuta, fashia na msuli wa msamba, ni msuli pekee, 0KBM0ZZ, usipange ngazi zote nne. Maeneo tofauti kila moja lina msimbo wake. Kukata kwa siku tofauti kunaandikwa tena kwa tarehe yake, hata kama ni msimbo ule ule.

Sasa upande wa daktari. CPT imetenga misimbo mahsusi kwa ugonjwa huu, na watu bado wanaandika 11043 kwa mazoea ya vidonda vya kitandani. Acha hiyo. Mahsusi ni hizi: 11004 kwa sehemu za siri za nje na msamba, 11005 kwa ukuta wa tumbo peke yake, 11006 kwa vyote viwili katika upasuaji mmoja. Hazihesabiwi kwa sentimita za mraba. Zinadai ripoti itaje ngozi, mafuta, msuli na fashia, na itaje kwamba ni maambukizi ya kuozesha.

Mzee wetu: usiku wa kwanza 11004. Siku ya 2, tahadhari. Kama ripoti inasema walikata ukuta wa tumbo *na* wakakata tena msamba, ni 11006. Kama msamba walibadilisha bandeji tu na kisu kikafanya kazi tumboni peke yake, ni 11005. Sentensi moja ndiyo inayotenganisha. Misimbo hii mitatu haina siku za uangalizi baada ya upasuaji, kwa hiyo kurudi mezani kesho yake hakuhitaji alama ya ziada kwa sababu hiyo.

Korodani ikitolewa, ongeza 54520. Ikihamishiwa kwenye mfuko wa paja kwa kuwa mfuko wake umekwisha, 54680. Wavu wa zamani wa ngiri uliooza ukitolewa tumboni, 11008 inaambatana na mojawapo ya zile tatu. Kolostomi ya kufungua tumbo ni 44320, ya kamera kupitia matundu madogo 44188. Kiraka cha ngozi nyembamba siku ya 19 ni 15120 kwa sentimita 100 za mraba za kwanza na 15121 kwa kila 100 zinazofuata. Hapo ndipo vipimo vinakuwa na maana, na hapo ndipo ripoti nyingi husema tu "eneo kubwa". Mashine ya kufyonza kidonda ikiwekwa mezani baada ya kukata, usikimbilie kuidai peke yake. Sheria za kuunganisha huiingiza ndani ya upasuaji.

Hatua ya sita: kumuuliza daktari bila kumtia maneno mdomoni

Swali rasmi lisiwe la kuongoza, wala lisitaje pesa. Hili ni baya: "Daktari, tafadhali andika excisional ili tupate malipo sahihi." Hili linafaa, na utaliandika kwa Kiingereza cha faili:

Katika ripoti ya tarehe fulani umeandika kwamba nyama isiyo hai iliondolewa kwa kisu kutoka msamba hadi fashia. Tafadhali eleza aina ya usafishaji uliofanyika: (a) wa kukata na kuondoa, (b) usio wa kukata, (c) nyingine, eleza, (d) haiwezekani kubainisha. Taja pia tabaka la chini kabisa lililoondolewa.

Unaona: ushahidi wa faili kwanza, chaguo zaidi ya moja, na mlango wa kutokea. Kwa empagliflozin fuata umbo hilo hilo: taja dawa, tarehe iliposimamishwa, kisha uliza kama kuna uhusiano, hakuna, au haijulikani. Tuma mapema, mgonjwa akiwa bado wodini. Daktari wa upasuaji anayekumbuka usiku ule ni tofauti na daktari anayeulizwa baada ya miezi miwili.

Mzee wetu, akiwa amekamilika

Daktari amejibu: kukata, hadi fashia, siku zote mbili, siku ya 2 msamba na tumbo, empagliflozin imechangia, damu imeotesha E. koli na sepsisi ni yake. Kidonda kina E. koli na Bacteroides fragilis. Fashia ya tumbo imeoza pia. Basi upande wa hospitali: A41.51, N49.3, R65.21, N17.9, M72.6, B96.20, B96.6, E11.65, T38.3X5A, Z79.84. N49.3 ikae kabla ya T38.3X5A. Viashiria vyote Y, isipokuwa M72.6 ambayo ilionekana siku ya 2 tu: daktari aseme kama tumbo lilikuwa limeshika tangu mlangoni. Z79.84 haidai kiashiria. Upasuaji, kila mmoja kwa tarehe yake. Ukiangalia kundi la malipo, linaangukia 853, magonjwa ya maambukizi yenye upasuaji na tatizo kubwa la nyongeza.

Kama unalishughulikia faili la mgonjwa aliyeruhusiwa Septemba lakini dai linatoka Oktoba, tumia kitabu cha tarehe aliyoruhusiwa. Misimbo mipya huanza tarehe 1 Oktoba, na baadhi tarehe 1 Aprili. Kwa daktari wa upasuaji ni tarehe ya kila huduma, kwa hiyo kiraka cha siku ya 19 kinaweza kuangukia kitabu tofauti na kisu cha usiku wa kwanza.